Kambo alivaa viatu mara mbili

Kabla hamjaamini ile sauti ya dakika nne ambayo Deo, mwenzangu wa kupiga picha, ameimwaga kwenye kila kundi la WhatsApp hapa Lubumbashi kuhusu aibu yangu ya Jumamosi, nisikilizeni na mimi. Sikukimbizwa. Sikuruka ukuta. Na sikulia: ni vumbi la mtaa wa Kamalondo, na vumbi la mwezi wa kumi kabla mvua haijashuka mnalijua.

Tuko wanne, kila Jumamosi tunazunguka mji kwa miguu tukipiga picha. Safari hii tulianzia posta, tukapita Jengo la 30 Juni, tukapiga jakaranda mpaka zambarau ikatuchosha macho. Mwenzetu mmoja alilala chali kando ya barabara ili chemine, lile bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, itokee katikati ya matawi. Dereva wa teksi akasimama kuuliza kama amegongwa. Huu ndio mji wa mpiga picha Sammy Baloji, mji wenye biennale yake, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tangu 2008, kwa hiyo yeyote mwenye kamera shingoni hapa hujiona amebakiza hatua mbili picha zake zitundikwe ukutani. Mimi nilijiona nimebakiza moja. Nilikuwa nimevaa kizibao chenye mifuko kumi na mmoja. Ikumbukeni hiyo mifuko.

Kamalondo nilibaki nyuma kidogo, napiga kibao cha kinyozi. Geti likafunguka, akatoka papa mmoja mwenye suti.

"Fotografe! Batu banakungoya tangu asubui!"

Ndani kuna turubai, viti vya plastiki, kreti za bia ya Simba, na familia mbili zimekaa zikitazamana. Mahari! Nilitakiwa kusema "si mimi, papa". Maneno matatu tu. Lakini wote walikuwa wamegeuka kunitazama, na kile kizibao... Nikasikia mdomo wangu unasema: "Mutusamehe kwa kuchelewa, papa."

Deo alikuwa amefika getini. Ndiyo maana mna ile sauti.

Saa nzima niliwatawala watu wa watu. Mashemeji niliwaondoa juani. Mjomba aliyepokea bahasha nilimwamuru airudishe aipokee upya, polepole, kidevu juu. Akatii! Halafu kambo wa bibi harusi (kambo ni bibi, ninyi wa pwani, msije mkafikiria mengine). Miguu ilikuwa imevimba, amevua viatu, amekaa na ndala zake kwa amani. Mimi nikatangaza kwamba picha ya heshima haipigwi na ndala. Wajukuu wawili wakapiga magoti wakamvalisha, mguu mmoja, halafu wa pili, naye amefumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

Kila nikibonyeza, picha inatokea kwenye kioo, safi kabisa, na neno DEMO pembeni. Nililiona. Nilidhani kamera inanisifu.

Ndipo kambo akanyoosha mkono. "Leta nione sura yangu."

Nikachuchumaa mbele yake. Nikabonyeza kitufe cha kutazama. Kioo cheusi. Nikabonyeza tena, kwa tabasamu. Nikaizima, nikaiwasha. Wakati huo mjukuu wa miaka kama saba alikuwa ameegemea bega langu, na inaelekea huko shuleni wameanza kusoma Kifaransa, maana alisoma kwa sauti, silabi moja moja, na uwanja mzima umetulia: "Pas... de... car-te."

Akamgeukia bibi yake kumtafsiria. "Kambo, anasema hamuna karte."

Nikaanza na mfuko wa kwanza. Kitambaa. Wa pili, betri. Wa nne, peremende. Wa saba, na hapa Deo hajatia chumvi, nilitoa risiti ya duka nililonunulia kadi yenyewe. Mifuko yote kumi na mmoja, familia mbili zikihesabu nami. Kadi ilikuwa nyumbani ndani ya kompyuta, nilikoiacha Ijumaa usiku nikijishangilia kwa picha za wiki iliyopita.

Kambo hakunitukana. Aliangalia miguu yake, kisha mimi, kisha miguu yake.

"Na hivi viatu?"

Fotografe wao halisi akatokea saa tisa, pikipiki ilikuwa imemharibikia. Kila kitu kikaanza upya: bahasha mara ya tatu, viatu mara ya pili, na safari hii aliyepiga magoti kuvalisha nilikuwa mimi. Baadaye nikamshikia fotografe mwavuli wake wa mwanga, nikala bukari (ugali wetu) nikiwa nimeinamisha kichwa, nikarudi nyumbani.

Leo Jumanne papa wa suti amenipigia. Wana harusi ya kanisani mwezi ujao. Anauliza kama nina nafasi ya kuja kushika mwavuli.