Mjomba alilipia kiboko, akaonyeshwa masikio

Tuliposhuka kwenye boti Ziwa Naivasha, Mjomba alimkazia macho mwenye boti. "Kijana, nimelipia kiboko. Wewe umenionyesha masikio."

Kweli, tuliona masikio na matundu ya pua tu. Na furukombe mmoja aliyenyakua samaki, ila huyo samaki alikuwa amechomekwa kijiti cha mafunjo mdomoni ili aelee, ujanja mtupu. Mwenye boti akaeleza kwa upole kwamba mchana viboko hukaa majini jua lisiwaunguze ngozi, usiku ndipo hutoka kula nyasi, hata kilo 40 kwa mmoja.

"Basi waambie niko hema la mwisho," Mjomba akasema, akaenda kulala.

Naivasha imo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya kulinda ardhioevu, tangu 1995, kwa hiyo pale mwenyeji ni kiboko, mgeni ni wewe. Kambini tulitenganishwa naye na nyaya za umeme. Usiku huo stima ikapotea.

Saa nane nikasikia kraa, kraa, kama mtu anachana shuka. Nyasi zinang'olewa, tena karibu na kichwa cha Mjomba. Kwa mbali soja akanong'ona kwa nguvu: "Msiwashe tochi! Msitoke!" Nani alitaka kutoka? Hata haja iliyokuwa imenibana ilirudi ilikotoka.

Shida ilikuwa Mjomba. Alikoroma. Kule nje kraa ikakatika, kimya, kisha kiboko akamjibu: "Hooo! Ho-ho-ho-ho!" Wa ziwani nao wakaitikia. Mjomba akavuta pumzi, akawajibu wote. Nikamziba pua. Akafungua mdomo, ikawa mbaya zaidi.

Halafu turubai likapigwa pwa-pwa-pwa, upande wake.

Asubuhi tukajua ni nini. Kiboko hunya huku akipepea mkia, kuwaarifu wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Viatu vya Mjomba, alivyovianika nje, vilikuwa vimejaa. Akachokonoa kwa kijiti, akanusa.

"Kwani alifika hapa? Na wewe ukaniacha nimelala?"

Akakataa katakata kuviosha. Akavifunga kwenye mfuko akawaonyeshe wazee wenzake. Ndani ya matatu hakuna aliyekubali kukaa karibu nasi, konda akatutoza viti vitatu. Mjomba akalipa bila neno, akaanza kumsimulia jinsi alivyopambana na kiboko usiku kucha.