Mfugaji wa Mongolia hazururi

Nilikwenda kumwamkia mzee mmoja, rafiki wa baba, nikamwonyesha picha za safari ya Mongolia. Alizitazama moja moja: farasi, ngamia wa nundu mbili, familia iliyosimama mbele ya ger yake, ile nyumba ya duara ya mbao na sufi inayokunjika na kuhamishika. Kisha akanirudishia simu. "Mwanangu, hawa bado wako nyuma sana. Serikali yao ingewajengea nyumba wakatulia, wakaacha kuzurura." Sikubishana naye, yule ni mzee wangu. Lakini maneno hayo nimeyasikia kwa watu wengi mno, wasomi kwa wasio wasomi, na yananiuma kwa sababu watu wale nimewaona wakifanya kazi.

Familia iliyotupokea mkoa wa Arkhangai ina kambi nne kwa mwaka, moja kwa kila majira, na hakuna hata moja iliyochaguliwa kwa bahati. Kambi ya baridi iko nyuma ya kilima kinachokinga upepo. Zizi lake ni la mbao na mawe, na chini mna tabaka nene la samadi kavu linaloipa mifugo joto usiku. Nyasi za eneo lile hazikanyagwi majira ya joto hata zikifika magotini. Ni akiba ya Februari, baridi inaposhuka nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na mnyama hana kingine cha kutia tumboni. Baba mwenye nyumba alipotaka kujua kama wakati wa kuhama umefika, alitazama utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, halafu akampigia shemeji yake aliye bonde la pili kuuliza mvua imenyesha wapi. Simu yenyewe inachajiwa kwa paneli ya sola iliyoegemezwa ukutani. Kufikia mwaka 2012 serikali yao ilikuwa imeshazifikishia sola kaya za wafugaji zaidi ya laki moja. Ninyi mnaosema wako nyuma, hesabuni vijiji vyetu vingapi vilikuwa na taa mwaka ule.

Kuhama kwenyewe tulikushuhudia. Sufi ya kondoo iliyoshindiliwa ilivuliwa kwanza, kisha zikashuka nguzo nyembamba za paa, kisha kuta za mbao zilizosukwa zikakunjwa, na nyumba nzima ikaingia kwenye lori dogo pamoja na jiko la chuma na sanduku la nguo. Mama mwenye nyumba ndiye aliyesimamia kila kitu. Alijua kipi kipakiwe kwanza ili kishuke mwisho, na watoto walitumwa bila kelele. Mlango ukaelekezwa kusini, kama kawaida yao, na jioni ile ile tulikunywa chai ya maziwa yenye chumvi ndani ya nyumba hiyo hiyo, mahali pengine.

Jangwa la Gobi, kusini mwa nchi, ndiko hoja yangu inakosimama wazi zaidi. Sehemu kubwa ya jangwa lile haipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka, na hizo chache hazinyeshi kwa usawa. Bonde moja linaota nyasi, bonde la jirani linabaki vumbi, na mwaka unaofuata mambo yanageuka. Katika nchi ya namna hiyo, mfugaji aliyefungiwa mahali pamoja ameshapoteza nusu ya ufugaji wake. Ndiyo maana Katiba yao ya 1992 inakataza malisho kuwa mali ya mtu binafsi. Familia inaweza kupewa hati ya kutumia kambi yake ya baridi, lakini nyasi ni za wote. Ng'ambo ya mpaka, Mongolia ya Ndani iliyo chini ya China, malisho yaligawiwa kaya kwa kaya na kuzungushiwa waya. Mvua ikikosekana upande wako wa waya, huna pa kwenda, na mifugo inazunguka pale pale hadi ardhi inabaki tupu.

Huko huko Gobi, matuta ya mchanga ya Khongoryn Els ni mazuri, na miamba myekundu ya Bayanzag, ambako msafara wa mtafiti Mmarekani Roy Chapman Andrews ulipata mayai ya dinosaria mwaka 1923, inastahili safari. Nendeni mkaione.

Mzee wangu anataka watulie. Waliotulia wapo, na nimewaona pia. Vilima vinavyozunguka mji mkuu, Ulaanbaatar, vimejaa ger na nyumba ndogo nyuma ya nyua za mbao, na zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji wanaishi huko. Wengi wao, au wazazi wao, walikuja baada ya dzud, ule msimu wa baridi ambao theluji huwa nyingi mno, au huyeyuka na kuganda tena kuwa barafu ngumu, mnyama akashindwa kuifikia nyasi. Dzud ya 2009 na 2010 iliua mifugo zaidi ya milioni 8. Ile ya 2023 na 2024 iliua zaidi ya milioni 7. Familia inalala na kondoo mia nne, inaamka na mizoga. Inakuja mjini na ger yake, inaisimamisha kilimani, na maisha ya kutulia yanaanza: maji ya kuchota kwenye kibanda na kusukuma kwa mkokoteni, choo cha shimo, na makaa ya mawe ya kuwasha usiku kucha ili watoto wasigande. Moshi hauna pa kwenda kwa sababu jiji liko bondeni. Serikali ilipiga marufuku makaa ghafi mwaka 2019 ikaleta ya kushindiliwa, moshi ukapungua lakini haukuisha. Mwaka 2017 jiji lilifikia hadi kuzuia watu wa mikoani wasihamie. Mtu aliyekuwa anajua kila kisima na kila kilima cha wilaya yake sasa anatafuta kibarua cha ulinzi. Huko ndiko kutulia tunakomwombea?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila kosa ni la wengine. Mwaka 1990 nchi nzima ilikuwa na mifugo kama milioni 26, na mwaka 2022 ilizidi milioni 70. Mbuzi wameongezeka kupita kiasi kwa ajili ya kashmiri, ile sufi yao laini yenye bei, na mbuzi anakula hadi mzizi. Lakini mfugaji akikopa benki msimu wa vuli na kutegemea kulipa sufi ya mbuzi itakapochanwa mwisho wa baridi, hataacha mbuzi kwa kuhubiriwa. Nakubali pia kwamba shule inaumiza. Mtoto wa miaka sita anapelekwa bweni, au mama anahamia naye kwenye mji mdogo, na baba anabaki peke yake na kundi majira yote ya baridi. Hapo serikali ina kazi ya kufanya, na haihusiani na kuwajengea nyumba za matofali. Na kule kusini, malori ya makaa ya mawe kutoka machimbo ya Tavan Tolgoi yanayokwenda mpaka wa China yameyatia vumbi malisho ambayo hayakuwa na adui mwingine isipokuwa ukame.

Ukienda, fikia kwa familia na uwalipe wao wenyewe. Zile kambi za watalii zisizohama zitakupa kitanda na picha tu.

Mongolia ndiyo iliyopeleka Umoja wa Mataifa pendekezo la kuwa na mwaka wa kimataifa wa nyanda za malisho na wafugaji, na Machi 2022 Baraza Kuu likaupitisha, uwe 2026. Sisi Tanzania tuliwaondoa wafugaji Usangu mwaka 2006 na 2007, tukawasukuma na ng'ombe wao hadi Lindi. Kwa mwaka huo wa 2026 sihitaji kongamano wala fulana. Wizara ya mifugo itutolee orodha ya mapito ya mifugo yaliyobaki wazi, wilaya kwa wilaya, na kwa yale yaliyofungwa iandike ni nani aliyeyafunga na kwa idhini ya nani.