Uzamivu wa michezo uanzie kwenye lumbesa

Mwambie mtu yeyote pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwamba unataka kwenda Marekani kusoma uzamivu (PhD) wa sayansi ya michezo, atakuuliza utafundisha timu gani. Mbeya City au Prisons? Ukimjibu kwamba hutafundisha timu yoyote, atakuonea huruma. Miaka yote hiyo darasani, halafu hata benchi hukai!

Simlaumu. Shule nyingi tulizosoma sisi, mwalimu wa michezo alikumbukwa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ikikaribia. Siku nyingine kipindi chake kilikuwa cha kufyeka nyasi. Aliyekulia huko ataamini vipi kwamba kuna watu wanalipwa na chuo kikuu kuchunguza kwa nini goti linauma zaidi ukishuka mlima kuliko ukipanda?

Kinesiolojia, kama Wamarekani wanavyoiita fani hii, inahusu mwili unapotembea, unapobeba, unapokimbia na unapochoka. Wapo wa fiziolojia, hao wanapima pumzi, damu na misuli. Wa biomekanika wanapima nguvu zinazopita kwenye viungo. Wapo wa saikolojia, na wapo wa masomo ya michezo, ambao swali lao ni nani anacheza, nani anazuiwa na nani anakula hela. Mpira ni sehemu tu ya hayo yote.

Ninachotaka kusema ni hiki: kijana wa Nyanda za Juu Kusini anayekwenda kusoma fani hii asiende mikono mitupu akisubiri profesa ampe swali. Swali analo tayari, liko sokoni.

Nenda soko la viazi, Uyole au Isyonje, Fuso zikiwa zinapakiwa. Gunia la lumbesa limeshonewa kamba mpaka limeota kilemba juu ya mdomo wake. Wawili wanalinyanyua, wa tatu anainama na kulipokea mgongoni, uzito mwingine ukikaa shingoni. Anapiga hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa kidogo, hanyooki mpaka afike kwenye ubao ulioegemezwa kwenye bodi la gari. Ubao unabonyea. Anaupanda kabana pumzi, na pumzi hiyo anaiachia juu, gunia likishatua. Kisha anashuka kufuata jingine.

Kule kubana pumzi kuna kazi yake. Kunaongeza shinikizo ndani ya tumbo, shinikizo hilo linaushikilia uti wa mgongo, na papo hapo presha ya damu inapanda. Kuli hakufundishwa na mtu, mwili wake umejitafutia. Ila umejitafutia kwa gharama gani, baada ya miaka kumi ya kupakia? Hiyo ni tasnifu nzima.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni ya kukokotoa uzito ambao mfanyakazi anaweza kunyanyua kwa mikono bila kuuhatarisha mgongo. Ilirekebishwa mwaka 1991. Inaanzia kilo 23, na hizo ni pale kila kitu kinapokuwa kizuri: mzigo uko karibu na mwili, kiuno hakijipindi, kazi hairudiwi mara nyingi. Hali ikiharibika, kilo zinapunguzwa. Gunia la viazi la halali kwetu ni kilo 100, na lumbesa ni lile lililopita hapo. Hakuna haja ya maabara kujua kwamba hesabu hizi mbili haziongei lugha moja. Maabara inahitajika kujua huyu kuli anaishije katikati yake.

Wapo pia mama zetu wa Rungwe, mkungu wa ndizi kichwani juu ya ngata, mtoto mgongoni, mazungumzo yanaendelea kama kawaida. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo na Kikikuyu. Ulionyesha kwamba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili waliubeba bila mwili kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walishangaa, na ubishi haujaisha. Vipimo vilivyofanywa baadaye Afrika Kusini havikuukuta muujiza huo. Lakini wale wanawake wa Kenya walipimwa wakitembea kwenye mashine. Njia ya kutoka shambani Rungwe ina utelezi, ina mawe, na inapanda.

Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi wa utafiti ule lilikuwa la Mkenya, Maloiy, mwanafiziolojia. Hilo nalipenda. Linganisha na utafiti mashuhuri wa mwaka 2012 juu ya Wahadza, wawindaji wa Ziwa Eyasi, ule ulioonyesha kwamba pamoja na kutembea kwao kote, nishati wanayotumia kwa siku haizidi ya watu wa nchi za Magharibi ukishazingatia ukubwa wa miili. Matokeo hayo yamebadilisha mjadala wa unene duniani. Mtanzania aliyekuwamo kwenye orodha ya waandishi ni Profesa Audax Mabulla, na yeye ni mtaalamu wa akiolojia. Heshima yake iko palepale. Mimi nasikitika kwamba miili ni yetu, mabonde ni yetu, na wa fani yenyewe wakatoka kwingine.

Wapenzi wa michezo hasa msinune, nanyi mna swali lenu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa inaikaribia, Njombe imewazidi wote wawili. Kwa urefu wa Mbeya, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam, ndiyo maana timu za pwani zikija uwanja wa Sokoine hulalamika kipindi cha pili. (Baridi nayo wanaisingizia sana.) Sasa, kama mwinuko ndio siri ya wakimbiaji, mbona majina makubwa ya riadha yetu yametoka Arusha, Manyara na Singida? Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, Alphonce Simbu aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, hakuna wa kwetu. Wote wawili walikuwa askari wa JWTZ. Huenda jibu liko kwenye majeshi, makocha na shule kuliko kwenye mapafu, na hapo anahitajika mtu wa historia na jamii kukaa meza moja na mwenye vipimo.

Kuhusu safari yenyewe, sitasema mengi. Marekani uzamivu huchukua miaka minne au mitano hivi: masomo, mtihani mkubwa, kisha tasnifu. Nafasi nyingi nzuri zinakuja na kazi ya kufundisha au kusaidia maabara, ambayo hulipia ada na kukupa posho ya kuishi. Kwa maoni yangu jina la chuo lisikupumbaze. Angalia msimamizi, na umuulize mapema, kwa barua, kama atakuruhusu kukusanya data nyumbani. Akisita, tafuta mwingine. Vifaa siku hizi vinasafiri: kipima mwendo kina ukubwa wa kiberiti, na kipima pumzi kinavaliwa mgongoni. Kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na idhini ya maadili vinataka muda, anza navyo ukiwa bado kwenye masomo.

Na ukirudi, ajira? Swali la haki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na ndaki yake ya afya iko hapahapa Mbeya. Mkwawa pale Iringa wanafundisha walimu. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wanakagua sehemu za kazi. Hakuna anayekusubiri na kiti, tusidanganyane. Lakini mtu mwenye vipimo vya migongo ya makuli mia ana cha kuweka mezani siku serikali inapotangaza tena vita dhidi ya lumbesa, vita ambayo mpaka leo imepiganwa kwa mizani na faini tu, kwa kumtetea mkulima, bila mtu kumtaja anayebeba.

Jambo moja kwa atakayefika huko, mdogo wangu: ukiandika bajeti ya utafiti, tenga fungu la kuwalipa makuli. Wao hulipwa kwa gunia. Nusu saa ya kumvalisha mtu barakoa ya kupimia pumzi, Fuso zikiwa zimepanga foleni, ni magunia ambayo mwenzake ameshapakia na hela ameshatia mfukoni.