Usiupake Rangi Ukuta Unaotoa Chumvi

Kwa miaka mitatu ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya Tabata ulikuwa na maandishi mekundu, herufi kubwa zinazosomeka toka upande wa pili wa barabara: NYUMBA HII HAIUZWI. Mama ndiye aliyeagiza yaandikwe. Arobaini ya baba ilikuwa haijafika, na tayari dalali mmoja ameshaingia getini na wateja wawili, wanapima uwanja kwa hatua. Nani aliwatuma hatukujua, na ndani ya ukoo hakuna aliyethubutu kuuliza kwa sauti. Mama akatoa hela ya rangi, kijana wa jirani akaandika. Ukizunguka Dar es Salaam utayakuta maandishi kama hayo Magomeni, Mbagala, Kigamboni, na nyuma ya kila ukuta wa namna hiyo kuna mjane, au watoto wa mama wawili, au ndugu aliyetaka kuuza kisicho chake.

Ilipofika zamu yetu ya kuuza kweli, kwa kuwa miguu ya mama imechoka na dada amemwandalia chumba Morogoro, dalali wa kwanza tuliyemwita alisimama mbele ya ukuta ule na kusema: "Futeni hayo maandishi leo leo. Kisha pigeni rangi nyumba nzima, sebuleni wekeni jipsamu. Mteja ananunua kwa macho."

Usafi nilimkubalia. Tulifyeka uwanja, tukatoa mabati chakavu na magodoro yaliyorundikwa stoo, tukabadilisha bomba la chooni lililokuwa linavuja na taa mbili zilizoungua. Mtu anayekuja kutazama nyumba anahitaji kuiona nyumba, si vitu vya watu. Hayo ni ya mkono mmoja na wikiendi mbili.

Kisha tukafika jikoni. Ukuta wa jiko letu upande wa barabara unatoa chumvi. Plasta imevimba mpaka usawa wa goti, ukiigusa inamomonyoka kama unga wa muhogo. Dalali akautazama, akasema pigeni rangi ya mafuta hapo, mpaka chumvi irudi mauziano yatakuwa yamekwisha.

Hapo ndipo ninapopishana na watu wengi wanaouza nyumba mjini hapa, na nitalisema waziwazi: ule ni wizi. Mtu anayenunua nyumba Tabata si tajiri anayenunua ya tano. Ni mwalimu aliyekopa, ni mama aliyeuza shamba, ni kijana aliyedunduliza miaka kumi. Hana hela nyingine baada ya hiyo.

Tena hata kifundi, rangi ile ni kosa. Baba alijenga mwaka 1988 bila kuweka nailoni juu ya msingi, kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, yanabeba chumvi, na yakifika juu yanakauka na kuiacha chumvi pale pale kwenye plasta, ndiyo inayoivimbisha. Ukiziba uso wa ukuta kwa rangi ya mafuta, maji hayaachi kupanda. Yanatafuta pa kutokea juu zaidi. Kingine, barabara ya mtaa imeshamwagwa kifusi mara tatu tangu tukiwa watoto, na sasa nyumba iko chini ya barabara. Masika yakija, maji yanaingia kwa geti. Hili kila jirani analijua. Mnunuzi peke yake ndiye asiyelijua, na sisi ndio tungelimficha.

Tuliuacha ukuta ulivyo. Tuligonga plasta iliyokufa ili tofali lionekane, basi.

Kazi kubwa ilikuwa kwingine, na ningependa watu waianze mapema kuliko sisi. Hati ilikuwa na jina la marehemu. Ndugu wanakaa kikao, wanakubaliana kwa mdomo, wanaita dalali, mteja anapatikana, ndipo wanagundua hakuna mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Tukarudi nyuma: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, Mahakama ya Mwanzo, kaka mkubwa akateuliwa msimamizi wa mirathi, na jina lake likaingizwa kwenye hati kwa nafasi hiyo. Ilichukua miezi mingi. Nilichoka, lakini sioni njia nyingine ya haki. Na hata kama mwenye nyumba yu hai, mkewe au mumewe lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Nimeona wanawake wakijua nyumba imeuzwa siku mnunuzi anapoleta fundi wa geti.

Mteja makini atataka nakala ya hati ili akaipekue kwa Msajili wa Hati. Mpe. Mpeleke mwenyewe ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe amwambie nyumba ni ya nani. Mwonyeshe risiti za kodi ya ardhi na bili ya mwisho ya maji. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, toka mwaka 2021, kwa hiyo hapo pana unafuu. Hizo karatasi niliziweka kwenye bahasha moja kubwa juu ya meza ya sebuleni, na kila aliyekuja alizikuta pale.

Halafu kuna wapangaji. Uani tulikuwa na familia mbili, moja ina mtoto mchanga. Madalali wana tabia ya kufungua pazia la mpangaji na kuingiza wateja watano, "hiki nacho ni chumba kizuri," huku mama wa watu ananyonyesha. Mpangaji naye ana nyumba, hata kama kuta si zake. Niliwaambia kabla ya mtu yeyote wa nje kujua kwamba tunauza, tukakubaliana siku za kuonyesha: Jumamosi asubuhi na Jumapili baada ya saa nane. Miezi yao waliyolipa ikabaki yao, na mnunuzi akaambiwa hivyo mapema.

Hela ya kuonyeshwa nayo inaniumiza. Elfu kumi hapa, elfu ishirini pale, mtu anazunguka mwezi mzima akilipia kutazama nyumba ambazo nyingine zilishauzwa. Kwetu tulikataza. Na tulikataza cha juu baada ya kukigundua: sisi tulisema milioni 95, mteja akaambiwa 110, na dalali akahakikisha hatukutani naye mpaka siku ya kuhesabu fedha. Sisemi dalali asile. Ana nauli, ana vocha, ana mguu unaotembea juani. Ale kamisheni inayojulikana na pande zote mbili, kwa maandishi.

Maandishi ya ukutani yalipakwa rangi nyeupe mikono miwili, na bado herufi zilionekana kwa mbali jua lilipopiga. Ndugu zangu walitaka mkono wa tatu. Nilipinga. Kila mteja aliyekuja aliuliza, na kila aliyeuliza alijibiwa na mama mwenyewe, akiwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe: niliandika mimi, kwa sababu walitaka kuiuza bila mimi, sasa nauza mimi na wanangu, karatasi ziko ndani, ingia ukasome. Wawili waliondoka na hawakurudi.

Wa tatu alikuwa baba mmoja wa makamo. Alikuja mwezi Februari, kukavu kabisa. Nilimwonyesha ukuta wa jiko, nikamweleza habari ya kifusi na maji, nikamwambia asiamue leo, arudi masika. Kaka alikasirika sana usiku ule. Alisema nimemfukuza mteja.

Alirudi Aprili, bila dalali, suruali imekunjwa hadi magotini, mwavuli mkononi na fundi wake nyuma. Maji yalikuwa yameshaingia uwanjani. Mama alitoka hadi barazani na fimbo yake akaanza kumwonyesha: yanapita hapa, yanakata kona pale kwenye karo, yanasimama mwisho kwenye ngazi hii ya pili, hayajawahi kuvuka. Fundi akainama, akachora mstari kwa chaki kwenye ngazi, akaanza kupima toka hapo kwenda juu.