Nilisikia "Lete Kiti"

Kwa kuwa rafiki yangu ameshatuma kwenye kundi sauti ya dakika 4, na katika hizo 3 anacheka tu, acha niseme mwenyewe. Sikuiba kiti cha hospitali. Nilikibeba hatua kama 15, na nilikirudisha.

Sikio la kulia liliziba Ijumaa jioni, watu wakifunga ofisi kwa mapumziko ya sikukuu. Wiki nzima nilikuwa buheri wa afya. Nilikuwa najisafisha kwa kijiti cha pamba. Kijiti kikatoka, pamba ikabaki. (Ndiyo, najua vile vijiti vinasukuma nta ndani. Daktari kaniambia, nesi kaniambia, mama ananiambia tangu niko darasa la pili. Msinitumie tena.) Nikaifuata kwa pini ya nywele. Kufika Jumapili maumivu yalikuwa yameshuka hadi kwenye taya, natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee.

Kliniki yangu ya siku zote ilikuwa imefungwa hadi Jumanne, ikabaki dharura. Dharura hawaangalii nani kawahi, wanaangalia nani yuko hoi. Mwenye pamba sikioni ni wa mwisho duniani. Kila nikikaribia mlango, analetwa mtu anayehema kwa shida, narudi kukaa.

Saa tatu baadaye nikaingia kwa daktari. Akauliza, "Siku ipi?" Nikajibu kwa kujiamini: "Ijumaa, daktari." Akanitazama. Kumbe kauliza, "Sikio lipi?" Rafiki yangu pale kwenye kona akashikwa na kikohozi cha ghafla.

Pamba ikavutwa kwa koleo jembamba. Rangi yake siielezi, wengine mnasoma mkiwa mnakula. Njia ya sikio ilikuwa imevimba, ngoma haijatoboka, nikaandikiwa matone ya antibiotiki. Ila uvimbe ulikuwa palepale, kwa hiyo bado nasikia nusu nusu.

Sasa njooni kwenye dirisha la dawa. Lilikuwa wazi moja tu, foleni ndefu. Nyuma ya kioo kuna dada kavaa barakoa. Zamu yangu ikafika, akasema kitu. Nikamwinamishia sikio. Akarudia. Nikasikia vizuri kabisa: "Lete kiti."

Moyo wangu ulijaa shukrani. Sikukuu yote hii, watu wamechoka, bado wanataka mgonjwa akae!

Kiti cha karibu kilikuwa cha plastiki, cha mzee aliyekuwa kasimama kidogo kunyoosha mgongo. Nikamwambia, "Samahani mzee, wameniagiza." Nikakiinua. Mguu ukanasa kwenye kamba ya mkoba wa mama mmoja, tukavutana, mkoba ukashinda. Nikaamua kukiburuta. Mlio wake kwenye vigae niliusikia kwa mbali, kama wa nyumba ya jirani. Walioshuhudia wanasema kuna mtoto aliamka. Foleni ikanipisha kwa ule upole anaopewa mtu ambaye ameshaonekana hayuko sawa.

Nikakiweka mbele ya dirisha. Nikakaa. Nikakunja mikono.

Dirisha lilikuwa juu. Nikikaa, dada anaona nywele tu. Akainuka taratibu, akachungulia chini, akashusha barakoa hadi kidevuni. Safari hii nilisoma midomo.

"Kaka. *Cheti*. Cheti cha dawa."

Cheti kilikuwa mkononi mwangu muda wote. Nilikuwa nimekikunjia ndani ya kiganja nilipobeba kiti, kimelowa jasho, na neno la pili la daktari limeshafutika.

Ukimya. Au ni sikio langu, sijui. Kisha mzee akasema, kwa sauti ambayo hata upande mbovu uliipata: "Akishahudumiwa, jamani, mniombee kiti changu."

Basi. Nikarudisha kiti, nikaomba radhi, nikarudi kwa daktari kuandikiwa upya, nikapanga foleni tena. Mzee hakunisalimia.

Matone ni mara mbili kwa siku, siku 7. Kwanza naipasha chupa kiganjani, maana dawa ya baridi ikiingia sikioni unaona chumba kinazunguka. Halafu nalala ubavu dakika 5, sikio zima kwenye mto, bovu juu, sisikii chochote duniani. Mkinipigia muda huo sipokei. Ninyi mliobadilisha picha zenu kuwa viti vya plastiki, hata baada ya hapo sipokei.