Leso ya Mwenye Pumu Haiulizwi

Kwa miaka 12 ya pumu, kliniki nimeulizwa habari za kifua tu. Kinabana? Kinapiga filimbi? Unaamka usiku? Najibu, leso imelowa mkononi, na hakuna aliyewahi kuiuliza hiyo leso.

Mafua yangu nyumbani tumeyazoea. Alfajiri, kabla sijatia mguu chini, chafya saba, nane; mke wangu huzihesabu akiwa jikoni. Utotoni nilikuwa nikiisugua pua kwa kiganja kwenda juu, hata ukabaki mstari mwembamba unaoikata katikati. Bibi alisema ni alama ya ukoo. Mwaka jana daktari mmoja, binti mdogo tu, alinitazama akaacha kuandika: “Baba, huo mstari puani ni wa tangu lini?”

Kumbe ni alama ya aleji, na aleji yenyewe haikuishia puani. Utando unaopamba pua unaendelea kushuka hadi kwenye mirija ya mapafu. Njia ni moja. Pua yenye afya huipasha hewa joto, huitia unyevu na kuichuja vumbi. Ikivimba na kuziba, unahemea mdomo, na kifua kinapokea hewa kavu na taka zake. Lakini lililonishangaza ni jingine: watafiti waliwawekea watu wenye mafua ya aleji chavua puani tu, na baada ya saa 24 wakakuta dalili za uvimbe kwenye mirija ya mapafu. Watu hao pumu hawakuwa nayo. Ule moto wa uvimbe puani husafiri hata kwa damu.

Si habari mpya. Mwaka 2001 wataalamu wa ARIA, mpango wa kimataifa kuhusu mafua ya aleji na athari zake kwa pumu, kazi iliyoanzia kwenye mkutano wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1999, walishauri mwenye mafua sugu ya aleji achunguzwe pumu, na mwenye pumu aangaliwe pua. Kadi yangu ya kliniki haina hata mstari mmoja wa pua. Huo kwangu ni uzembe, si uhaba wa vifaa: kuuliza “mafua unayo?” kunagharimu nini?

Nasi wagonjwa tuna letu. Matone ya kuzibua pua ya duka la dawa niliyatumia miezi, wakati yakipita siku chache tu pua huziba kuliko mwanzo. Steroidi ya kupuliza puani, dawa ya kutuliza uvimbe, niliiogopa kwa jina lake. Dozi yake ni ndogo, ila inataka subira ya wiki mbili hivi, na unaielekeza upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati, usije ukatokwa damu. Inhela sikuiacha, wala sikuambiwa niiache.

Juzi alfajiri nilipiga chafya mbili tu. Mke wangu akaja mlangoni na mwiko mkononi, kuangalia kama nimerudi kulala.