Sikulala, Nilipakiwa

Kwanza niweke jambo moja sawa: sikulala. Najua mwenzangu wa dukani ameshawasimulia kwamba nilipanda gari la mteja, nikaona ndani kuna kivuli kizuri, nikajilaza na usingizi ukanipitia. Nasikia na sauti ya kukoroma ameitia. Tangu jana simu yangu inaingiza vicheko tu, na kuna mmoja wenu amenitumia picha ya mto. Ahsante sana. Sasa msikieni mwenye mkasa wake.

Mnaonifuata siku zote mnajua nauza vifaa vya umeme vya nyumbani kwenye duka dogo, sisi wawili na bosi. Mnajua na ule ubishi wetu usiokwisha: mteja akishalipia kitu kizito, kukipakia ni kazi ya nani? Bosi husema kazi yetu inaishia mlangoni. Mwenzangu husema inaishia kaunta, na angepata ruhusa ingeishia kwenye kiti chake. Mimi ndiye wakili wa wateja. Mtu kaja peke yake, kanunua kitu chenye uzito kumshinda yeye, sasa mnataka akitie mfukoni? Maduka makubwa yana magari na watu wa kupeleka mizigo hadi sebuleni. Duka dogo lina nini cha kumfanya mteja arudi, kama si kumpa mkono? (Mkimwona mtu anajisifu kwa utu namna hii, jueni kuna mahali umeshamtokea puani.)

Basi akaja mama mmoja, akachagua mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele. Wasiowahi kuibeba niwaambie: ndani yake kiwandani hufungwa vipande vya zege, ili isirukeruke ngoma inapozunguka kwa kasi kukamua nguo. Ndiyo maana kitu kinachokufikia kiunoni kinakuwa na kilo 60, 70, hata 80. Mteja ananunua usafi, sisi tunabeba zege. Tena kwa nyuma kuna boliti zinazoishikilia ngoma isiyumbe njiani, na lazima zifunguliwe kabla mashine haijawashwa. Hilo la boliti huwa namwambia mteja mwisho kabisa, tukiagana, ili aondoke nalo likiwa bado la moto.

Mama alikuja na kigari cha mizigo cha kuazima. Nyuma hakina dirisha, mlango ni mmoja tu, na kati ya mizigo na dereva kuna ukuta wa bati wenye kidirisha cha nyavu. Kitoroli kiliifikisha mashine hadi nyuma ya gari bila tabu. Kuipandisha ndipo palipokuwa na maneno. Tukakubaliana mwenzangu asukume kwa chini, mimi nipande ndani niipokee na kuivuta. Ndani kulikuwa na makatoni ya mama pande zote mbili, yameacha kijia katikati. Nikavuta, mwenzangu akasukuma, mashine ikaingia kwenye kile kijia, ikakijaza chote. Mimi nikabaki upande wa pili, nimechuchumaa kati ya zege na bati, shavu kwenye katoni.

"Ngoja nitafute pa kutokea," nikasema.

Sikujibiwa. Mwenzangu anadai bosi alimwita. Mama akatoka dukani na risiti yake, akaona mashine imekaa vizuri, haoni mtu. Nikamsikia akisonya. Kisha mlango ukafungwa, pah, kukawa giza.

Niliwaza: atafungua sasa hivi. Halafu injini ikawaka. Simu yangu iko kaunta, inachajiwa. Nikafungua mdomo nipige kelele. Nawaapia, nilifungua. Lakini kabla sauti haijatoka nikamsikia mama yuko kwenye simu, ameiweka spika, anaongea na dada yake.

"Wenye maduka hawa, wakishapokea pesa hawakujui! Kulikuwa na kijana mmoja mwembamba pale, mchangamfu, mama hiki, mama kile. Muda wa kuondoka namtafuta angalau nimshukuru, hayupo! Kajificha. Kaogopa nitamwomba aje kunishushia."

"Ndivyo walivyo," dada akasema.

"Na jasho lile! Nilikuwa naongea naye nimegeukia pembeni."

Mimi niko hatua moja nyuma ya kisogo chake. Nikajinusa polepole, kwa siri, kana kwamba kuna mtu ananiona. Mama alikuwa anasema kweli.

Sasa nyinyi mnaouliza "si ungeita tu?", jiwekeni pale. Ningepiga kelele mlango unapofungwa, ningekuwa mhanga. Baada ya habari ya jasho, nimekuwa msikilizaji. Kila kona tuliyopinda nikiwa kimya ilikuwa inaniongezea kesi. Na ningeanzaje? Shikamoo? Nilishamwamkia dukani. Samahani mama? Samahani inayotoka gizani, kwenye mizigo, ni ya kumtoa mtu roho. Nikaamua bora nisubiri tufike, afungue mwenyewe, nijifanye nimekuja kushusha. Mpango mzuri tu.

Ndipo mama akashusha sauti. "Dada, kuna jambo kuhusu shemeji yako nataka kukuambia. Ila lisitoke hapa, tuko wawili tu."

Hatukuwa wawili. Nikajua ni sasa hivi, la sivyo nitazeeka na siri ya nyumba ya watu. Nikatafuta neno la adabu, neno la mtu mwema anayetaka tu kujulisha kwamba yupo. Nikagonga bati mara mbili kwa kidole.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," mama akajibu.

"Karibu," akajibu na dada kwenye simu.

Gari likaendelea kwenda. Naikumbuka ile nafasi ya kimya. Nilisikia hata kiashiria cha kupinda kikilia, ka, ka, ka. Kisha dada akauliza, taratibu:

"Kwani umeshafika?"

"Bado, niko njiani."

"Sasa hodi ya nani?"

Mama akakanyaga breki kwa miguu yote aliyojaliwa. Gari likasimama. Mashine haikupewa taarifa. Hatukuwa tumeifunga hata kamba, na kitu kisichofungwa gari likisimama chenyewe huendelea na safari. Nikaiona ikinijia gizani bila haraka, kama mjomba anayekuja kukukumbatia harusini na huna pa kukimbilia. Ikanikuta, ikanibana kwenye bati, uso wangu ukajaa kwenye kile kidirisha cha nyavu. Na wakati huo huo mama ndiyo anageuka kuangalia nyuma.

Tulitazamana. Mimi nimekatwa vipande vya mraba na zile nyavu, nimetoa macho, nimejaribu na kutabasamu ili nisimtishe. Nimeambiwa baadaye kwamba ni lile tabasamu ndilo lililoharibu.

Kelele ile sitaisimulia. Alitoka garini na mkanda wa kiti ukamrudisha, akatoka tena. Simu ikabaki kitini, dada anaita, "Nani? Nani huyo? Sema wewe ni nani!"

Malezi ni kitu cha ajabu. Nimebanwa pumzi, nikajibu, "Ni mimi wa dukani. Shikamoo."

"Marahaba," dada akasema. Kisha na yeye akaanza kupiga kelele.

Watu wakajaa. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, mwanga ukaingia, nikasikia wa kwanza anasema "mwizi!" Nikahisi maisha yangu yanafunga hesabu. Aliyeniokoa ni mzee mmoja nisiyemjua, Mungu ampe umri. Alichungulia, akaangalia mashine, akaniangalia mimi, akauliza, "Mwizi gani amebanwa na anachoiba?" Wakacheka. Kicheko kile kiliniuma, lakini nilikipokea kwa mikono miwili, au ningekipokea kama mikono ingekuwa huru. Ikabidi wanaume waishushe mashine barabarani ndipo mimi nitolewe, mguu mmoja umekufa ganzi. Mama akasogea, akaniangalia vizuri, akaninyooshea kidole.

"Wewe si ndiye uliyejificha?"

Yaliyofuata ni mafupi. Mashine ikapakiwa tena, mimi nikaenda hadi kwake, nikashusha, mama akanipa maji, hakuna aliyezungumzia jasho, nikarudi dukani mbio. Huko nilikuta bosi ameshaamua kwamba nimetoroka kazi na mwenzangu ameshaamua kwamba nimelala. Wakapatana juu ya toleo la mwenzangu kwa kuwa linachekesha zaidi.

Usiku mgongo ulinikatalia usingizi (kwa hiyo andikeni: hata usiku sikulala). Nikashika simu, nikasoma. Kumbe Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba Na. 127 wa mwaka 1967 unaosema mfanyakazi asilazimishwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo lililotolewa pamoja nao linataja kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanamume mzima. Zege la mama lilishapita hapo. Asubuhi nikamsomea bosi nikitegemea atatetemeka. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na wamesemaje kuhusu mfanyakazi anayeondoka na mzigo?"

Hata hivyo ameagiza mikanda ya kufungia mizigo. Mwenzangu ameandika kwenye kadibodi kwa wino mwekundu, akaibandika mlangoni: HESABU WAFANYAKAZI KABLA YA KUFUNGA GARI. Wateja wanasoma, wanauliza, anawahadithia. Na mimi msimamo wangu sijaubadilisha, mteja mwenye mzigo mzito tutamsaidia. Ila wa ndani apande wa mwisho na ashuke wa kwanza, na anayesukuma asiitwe na mtu yeyote, hata awe bosi.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Sasa hivi simu ya duka imelia. Ni mama. Kaiwasha mashine, inanguruma, inatembea, imeshatoka bafuni iko ukumbini, na dada yake amepanda juu ya kochi. Nikakumbuka boliti. Jana tuliagana kwa namna ambayo boliti hazikupata nafasi.

Bosi akaongea naye kwa upole, akakata simu, akanigeukia. "Anasema anakutaka wewe. Anakuja kukuchukua na gari lile lile."

Mwenzangu, bila kuambiwa na mtu, akaenda kuleta kitoroli.